Umeme umekata, bando limeisha, na timu inakusubiri: wa City of Heroes Kigoma na jirani, tupeane uzoefu

Kijana wa Mwanga

Wakuu, habari za asubuhi, mimi sijalala. Najua Kigoma hatufiki hata watu wa kujaza hiace tunaocheza hili gemu, ila tupo, na kila mmoja ana usiku wake. Naanza mimi.

Kwa mgeni: unajitengenezea shujaa, unampa nguvu na mavazi, mnaungana hadi watu 8, mnalinda jiji linaloitwa Paragon City. Gemu limetoka 2004, likafungwa 2012, mashabiki wakalifufua 2019 kwa seva zao za Homecoming, na tangu Januari 2024 wana kibali cha wenye mali, NCSoft. Ni bure. Uzee wake ndio salama yetu, maana laptopu ya mtumba isiyofungua hata gemu la mpira la miaka hii inalibeba hili bila kulalamika.

Sasa usiku wenyewe. Jumamosi, chumbani kwangu, vijana wanne, laptopu nne, simu moja inagawa hotspoti. Simu tumeitia ndani ya soksi, soksi tumeifunga kwenye nondo za dirisha, kwa sababu mtandao unashika pale tu. Bando la usiku linaanza saa sita. Saa sita na dakika moja tumo. Wenzetu wanne wako Ulaya, tunakutana seva ya Reunion. Tunapiga Synapse, ile misheni ya mfululizo ya kupambana na maroboti ya Clockwork, ndefu kama treni ya Dar. Aliyeicheza anajua sheria yake: mkishaanza hamwongezi mtu. Akitoka mmoja, nafasi yake inabaki wazi mpaka arudi mwenyewe.

Saa saba kasorobo, giza. Laptopu tatu zikaendelea. Ya nne ni ya tanka wetu, yule anayetangulia kupigwa ili sisi tupone, na betri yake ilikufa kabla hajainunua. Ikazima hapo hapo. Jamaa akachomoa chaja, akakumbatia laptopu, akatoka mbio na kandambili moja, ya pili hakuiona.

Kwenye banda la mpira jenereta lilikuwa linanguruma, mechi ya Hispania iko dakika za lala salama. Mwenye banda akataka buku mbili. Akachomeka chini ya televisheni, miguu ya watu huku na huku, akaunga simu yake iliyobakiwa na megabaiti hamsini. Huku sisi dakika 40 tumejibanza kwenye kona ya ghala kama vifaranga, Mjerumani wetu kaenda kuchemsha chai karudi. Mara jina la tanka likawaka. Hakuandika hata salamu. Alipita katikati yetu, akaingia kwenye maroboti moja kwa moja.

Haya, nani anafuata?

Mama Wawili

Ujiji hapa. Mimi ni difenda, kazi yangu kutibu. Kumvalisha shujaa wangu kulichukua muda kuliko walivyonivalisha mimi siku ya ndoa. Kanga hakuna, kilemba hakuna, nikaishia kumpa joho lenye kofia na rangi za kisutu: nyekundu, nyeusi, nyeupe.

Usiku wangu mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Kasulu. Nipo sebuleni, taa nimezima nisiwaamshe watoto, hedifoni masikioni. Blasta wetu, yule wa kushambulia kwa mbali, mwenye haraka zake, kaamsha kundi zima la maadui, na wa kwanza kuelemewa ni mimi. Nikapaza sauti, na mtu mwenye hedifoni hajisikii: "Nakufa! Jamani nakufa, njooni!"

Mama mkwe alitoka chumbani na ndoo ya maji na dua mdomoni. Maji niliyapata mimi, laptopu ilisalimika kwa rehema tu.

"Nani anakufa?"

Nikamwonyesha kioo. Akamtazama yule binti wa kisutu amelala chali barabarani. Akavuta stuli, akakaa. "Hospitali wanampeleka saa ngapi?" Nikabonyeza, binti akaibukia hospitalini mzima (ukifa ndivyo ilivyo). Mama akanyamaza kidogo, kisha akauliza hiyo hospitali ni ya wapi isiyo na foleni.

Chuma cha Kasulu

Watu wazima, usiku wa manane, na makoti ya mabegani. Michikichi nani atapalilia?

Kijana wa Mwanga

Ya kwangu ilishapaliliwa mkuu, karibu uikague.

Mvuvi wa Kibirizi

Nyie mnalia na umeme, mimi haujawahi kunikatikia nikicheza. Subirini niwaeleze.

Kazi yangu ni dagaa. Giza likiwa zuri msinitafute, niko ziwani. Ukisimama Bangwe usiku ukaona taa zile kama kuna mji mwingine juu ya maji, moja ni yangu. Dagaa anafuata taa. Mbalamwezi ikishakuwa kubwa taa haina kazi, tunapandisha mitumbwi, tunashona nyavu. Siku hizo ndizo zangu. Betri ya taa, N70, naibeba begani hadi nyumbani, naunga inveta ndogo, laptopu inakesha. Mtaa mzima giza, kwangu shujaa anapaa.

Taabu ilikuwa kuwaeleza wazungu ratiba. Mmoja aliniuliza utakuja tena lini. Nikamjibu: mwezi ukijaa. Akafurahi sana! Kumbe, kwa kuwa wengi wao huongea kwa sauti ya shujaa wao na si ya kwao, alidhani nami naigiza, kwamba mimi ni mbwamwitu, yule mtu wa hadithi zao anayegeuka mnyama mwezi ukijaa. Miezi mitatu wananiita mbwamwitu, na shujaa wangu ni mtu wa barafu. Nikaona isiwe tabu, nikawatumia picha ya mitumbwi na taa zake. Kimya. Halafu mmoja akauliza hizo ni nyota au ni watu.

Wenzangu wanapanda levo nikiwa majini, ila sijawahi kuachwa, maana gemu lenyewe linampandisha mdogo akakaribiana na kiongozi wa timu. Na ziwa lilipofungwa tusivue, 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, hapo nikafika levo 50, ndiyo ukomo. Mfukoni sina hata ya vocha, Paragon City naitwa tajiri.

Isevya Usiku

Tabora inawakilisha. Shujaa wangu nilimwita Mwendokasi, anakimbia kuliko gari. Mtandao wangu unatembea kwa magoti. Nikianza kukimbia wenzangu wananiona nimegota ukutani, na mimi kwangu nilishafika zamani. Nikifa naandika "pole" kwa aliyekufa nami. Mwanzoni Mwingereza mmoja alidhani naomba mlingoti, kwao neno hilo ndiyo maana yake. Siku hizi akianguka mtu timu nzima wanaandika pole pole pole.

Mzee wa Gungu

Nimesoma nimecheka. Mimi nililijua nikiwa masomoni Uingereza, na usiku wa kufunga, 30 Novemba 2012, nilikuwemo. Tulijazana Atlas Park chini ya sanamu la yule mbeba dunia, wengine na mienge mkononi, wengine wanapaa juu yetu. Hakuna aliyekuwa anapigana. Kulikuwa na mtu pembeni yangu, simjui hata leo, akawa ananiandikia habari za marehemu baba yake waliyecheza naye. Aliandika, akaandika, sentensi ikakatikia katikati. Kioo kikaandika kwamba seva haipatikani.

Miaka sita na ushee hiyo sentensi ninayo. Seva zilivyorudi niliingia siku ya kwanza niliyopata habari, nikaenda kusimama pale pale. Sikumkuta. Kwa hiyo huyo wa kandambili moja mwambieni buku mbili zake nitamrudishia mimi.

Kijana wa Mwanga

Mzee, shikamoo. Nimemsomea, kasema atapokea, na anaomba na kandambili.

Jumamosi tunarudia Synapse, nafasi mbili ziko wazi. Mvuvi upo?

Mvuvi wa Kibirizi

Mwezi umeshaanza kuchelewa kutoka, kesho nashusha mtumbwi. Betri njooni mchukue kabla ya jioni, nimeazima nyingine ya kwenda nayo ziwani. Msiichovye maji tu.

Mama Wawili

Niwekeeni nafasi moja. Mama mkwe bado yupo, anauliza Jumamosi nakufa saa ngapi ili ajue kama alale kwanza.