Amemuuliza bibi yangu kama anazaa ili apate hela ya TASAF, ile ruzuku ya serikali kwa kaya maskini!

Wakuu, nimetoka mkutano wa kijiji sasa hivi, bado natetemeka. Mnamjua. Yule wa koti la kaki, anayetembea na magari mawili, moja lake na moja la kitambi chake.

Kasimama kutufundisha kwamba binadamu hufuata hela tu, kwamba kaya maskini zikipewa ruzuku zinatupa jembe na kuanza kuzaa. Sawa, tumezoea. Halafu akamgeukia bibi yangu, mtu aliyeota mvi kabla ya Uhuru, akamuuliza mbele ya kijiji kizima: "Na wewe bibi, umeongeza wa mwaka huu?"

BIBI YANGU! Jino hana hata moja! Ameongeza wa mwaka huu! Watu wakacheka hadi mwenyekiti akapaliwa na maji.

Mpango ulipoanza, nyongeza ya mtoto ilikuwa 4,000 kwa mwezi. Nani anabeba mimba miezi tisa kwa 4,000? Na kikao kilipoisha, wa kwanza kwenye karatasi ya posho alikuwa yeye, kasaini mbio, na kalamu ya watu kaondoka nayo. "Umeongeza wa mwaka huu?" Hata ugali haupiti.

Dagaa Mchele: Mkuu swali hujajibu. Ameongeza au hajaongeza? 😂

Binti Korosho: Nimecheka peke yangu kwenye daladala. Kwetu huyo alisema maskini akipewa hela anaishia kwenye gongo. Yeye mwenyewe alikuwa ananuka gongo.

Msomi wa Usiku: Tupunguze jazba. Zambia walichunguza ruzuku ya watoto wadogo, uzazi haukupanda. Siaya kule Kenya watu walipewa hela bila masharti, matokeo yakachapishwa 2016, matumizi ya pombe na sigara hayakuongezeka. Zanzibar nako Pensheni Jamii inatolewa kwa wazee wa miaka 70 na kuendelea tangu 2016, ilianza na 20,000 ikapandishwa hadi 50,000, na

Dagaa Mchele: Fupisha, bando linaisha.

Mleta uzi: Mnakwepa hoja. Kamwambia MBELE ZA WATU.

Mstaafu Mpole: Nyie mnalilia 4,000. Wenzangu wa PSPF, ule mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, walichukua mkupuo wa asilimia 50 ya mafao yao. Nilipofika mimi 2022, kikokotoo, ile kanuni ya kupigia hesabu mafao, kikasema 33. Wanapandisha kuwa 40 mwaka 2024, mimi nimeshauza mabati. Na mimi nizae?

Binti Korosho: Mzee, kikokotoo kina uzi wake kule.

Boda wa Kibaoni: Wastaafu wenyewe ndio hawalipi nauli. Kuna mmoja namdai tangu masika.

Mstaafu Mpole: Ni wewe uliyeniangusha pale darajani na kuku wangu?

Boda wa Kibaoni: Kuku aliruka mwenyewe mzee. Nauli yangu lini?