Naomba ushauri: fomu ya viza ya kumfuata mume Uingereza imenikwama mahali pamoja

Binti_Kisauni:
Asalaam alaykum, na wasio Waislamu hamjambo. Mimi ni mwalimu wa chekechea hapa Mombasa, umri wangu ni miaka 29, na mume wangu ni raia wa Uingereza anayeishi Leicester. Tulifunga ndoa mwaka jana mwezi wa Shaabani, na cheti cha ndoa ninacho. Nimekusanya hati zake za mshahara za miezi sita pamoja na taarifa za benki zinazooana nazo, cheti changu cha Kiingereza cha kiwango cha A1, picha za harusi na kumbukumbu za simu zetu. Mshahara wake ni pauni 31,460 kwa mwaka, kwa hiyo kile kima cha pauni 29,000 kilichowekwa Aprili 2024 amekipita. Kilichobaki ni kipimo cha kifua kikuu kule Nairobi, ambacho nimepangiwa Alhamisi ijayo. Swali langu ni dogo tu: katika sehemu ya fomu inayomhusu mdhamini, yaani mume wangu, kuna mambo ya zamani ambayo naona hayanihusu. Je, ni lazima yajazwe yote, au yanaweza kufupishwa? Usingizi umenipotea.

Mzee_wa_Likoni:
Mwanangu, kuhusu kipimo, usiwe na hofu. Binti yangu alipimwa na IOM, lile shirika la kimataifa la uhamiaji, kule Nairobi; hupigwa picha ya kifua, na asiye na tatizo hupewa cheti chake. Ila kumbuka kwamba cheti hicho hutumika kwa miezi sita tu, kwa hiyo usikiharakishe kabla mambo mengine hayajakaa sawa. Binti yangu aliharakisha, mumewe akabadilisha kazi, hati za mshahara zikaanza kuhesabiwa upya, na ikabidi apande treni tena Miritini kwenda kupimwa mara ya pili. Nauli nilitoa mimi.

Mama_Twahira:
Mimi nitauliza lile ambalo hamtaki kuliuliza. Kwa nini kila msichana wa siku hizi lazima amfuate mume kwenye baridi? Mume wangu alikuwa baharia, nikamngoja miaka kumi na moja kwa barua, na nyumba haikuanguka.

Karani_Mstaafu:
Bibi Mama Twahira, hakuulizwa mtu kuhusu mabaharia. Binti, nimejaza fomu hizi za watu kwa miaka mingi, na kila aliyeniambia kwamba jambo fulani ni la zamani na halimhusu, ndilo hilo lililomrudisha nyumbani. Tuandikie ni swali gani hasa.

Binti_Kisauni:
Ni maswali ya kawaida tu kuhusu maisha ya mdhamini. Sitaki kuanika mambo ya watu hadharani. Isitoshe, ada ni kubwa: mwaka 2025 ilikuwa pauni 1,938, na mchango wa afya ni pauni 3,105 juu yake. Nimeuza bangili zangu mbili za dhahabu ili nitimize nusu, na sina nafasi ya kuanza kubabaika sasa.

Karani_Mstaafu:
Ndiyo maana nakuuliza kabla hujalipa. Ada ya maombi hairudishwi ukikataliwa. Kinachorudishwa ni mchango wa afya. Swali ni lipi?

Binti_Kisauni:
Linauliza kama mdhamini amewahi kuoa. Nimejibu hapana, ingawa sijaituma. Kusema kweli aliwahi, na ndoa ile waliiandikisha huko huko kwa msajili wa serikali. Lakini alimpa talaka tatu mbele ya ndugu zake wawili, sebuleni kwake, miezi minne kabla ya kunioa. Mambo yamekwisha. Bi mkubwa mwenyewe anajua na hana kinyongo, na ndugu wote ni mashahidi. Naona kuandika habari ile ni kuwachanganya maofisa bure.

Karani_Mstaafu:
Hapo ndipo penyewe. Ndoa yako mbele ya kadhi siigusi, lakini anayeamua viza hatazami kwa jicho la kadhi. Talaka yoyote inayotolewa ndani ya Uingereza haitambuliki huko isipokuwa imetolewa na mahakama. Maneno ya sebuleni, hata mbele ya mashahidi arobaini, hayavunji ndoa iliyoandikishwa. Tena sheria ya mwaka 1973 ya kule inasema kwamba mtu ambaye makazi yake ya kudumu kisheria ni England au Wales, akioa mke wa pili nje ya nchi ilhali wa kwanza hajaachwa kisheria, ndoa hiyo ya pili ni batili kwao. Maana yake ni kwamba kwa macho yao wewe bado si mke, na cheti chako, kwa uzuri wake wote, hakikufikishi popote. Ukiongeza na uongo wa kuandika kwamba hajawahi kuoa, utakuwa umewapa sababu ya pili ya kukunyima, na hii ya pili hukaa kwenye jalada lako. Kwa aina nyingi za viza udanganyifu unaweza kukufungia mlango kwa miaka 10. Hebu tazama cheti chako: mahali pa hali ya bwana harusi pameandikwaje?

Binti_Kisauni:
Pameandikwa kwamba aliwahi kuoa na akaacha.

Jongoo_Asiyechoka:
Yaani unapeleka kwenye bahasha moja fomu inayosema hajawahi kuoa na cheti kinachosema ameacha! Dada, huyo ofisa hatahitaji hata miwani.

Binti_Kisauni:
Mnanicheka, lakini mume wangu ameulizia. Anasema kwamba kesi ya talaka huko huchukua miaka na humla mtu nyumba yake. Mimi namwamini.

Karani_Mstaafu:
Tangu tarehe 6 Aprili 2022 anaweza kuomba peke yake bila kumtaja mtu kosa. Husubiri wiki 20 apate amri ya kwanza, kisha wiki sita na siku moja aombe ya mwisho. Ugomvi wa mali unaweza kuchelewesha, lakini kufungua shauri si kazi ya miaka. Akishaachana naye kisheria, aje mwoane upya hapa, au akuombee viza ya mchumba ya miezi sita, mfunge ndoa huko ndani ya muda huo.

Pweza_Mkavu:
Wenzangu, mimi siamini hadithi hii. Mke gani anajua mshahara wa mumewe hadi pauni ya mwisho? Anawezaje kujua mashahidi walikuwa wangapi kwenye sebule ambayo hajakanyaga? Na mbona anamtetea bwana kuliko anavyojitetea mwenyewe? Huyu ni bwana wa Leicester anayepima upepo kwa jina la kike.

Jongoo_Asiyechoka:
Au ni bi mkubwa, anakusanya ushahidi.

Binti_Kisauni:
Mshahara naujua kwa sababu hati ninazichapisha mimi, pale saiba, shilingi kumi kila ukurasa. Yeye huzipiga picha na kunitumia. Huziweka juu ya meza ya jikoni, na kwa kuwa picha hukaa upande, mimi huzivuta kwa vidole hadi tarakimu zisomeke. Nimezivuta sana hata kitambaa cha meza nakijua: ni cha plastiki, kina malimau, na pembeni kimeungua duara la sufuria. Bwana anayepima upepo angejua hayo? Kitambaa hicho hicho nilikiona kwenye picha za Idi alizotuma wifi yangu, watoto wa bi mkubwa wakila tambi.

Pweza_Mkavu:
Idi ya lini?

Binti_Kisauni:
Ya mwaka huu.

Mama_Twahira:
Mwanangu, hati za mshahara huandikwa anwani ya mfanyakazi. Anwani ya bi mkubwa unaijua?

Binti_Kisauni:
Samahani kwa kukaa kimya tangu jana. Bi mkubwa aliwahi kumtumia mama mkwe mzigo wa nguo, na karatasi ya posta bado ilikuwepo kabatini. Hati zote sita zina nambari ile ile ya nyumba. Nilimpigia mume wangu, akasema kwamba amepanga chumba cha juu kwa ajili ya watoto, na kwamba karatasi za mahakama atazishughulikia baada ya viza kutoka. Nimemjibu kwamba fomu haitatumwa mpaka nione nambari ya shauri. Fedha za ada ziko kwa mama yangu, si kwangu wala kwake. Cheti cha Kiingereza ni cha miaka miwili, kinaweza kungoja. Mzee wa Likoni, ahsante kwa lile la miezi sita. Nimepiga simu Nairobi leo asubuhi, nikafuta miadi ya Alhamisi.

Mzee_wa_Likoni:
Na tiketi ya treni?

Binti_Kisauni:
Sikuwa nimeikata bado.