Mjadala: Bingwa wa upasuaji apimwe upya kabla ya kupasua kwa matundu madogo?

Mleta mada:
Wakuu, hivi cheti cha ubingwa wa upasuaji kinatosha kumruhusu daktari kupasua kwa matundu madogo? Mimi nakataa. Apimwe upya, na asiyefaulu asiguse mgonjwa hata kama ana mvi.

Aliyezoea kufungua tumbo huona kwa macho yake na kupapasa kwa vidole. Huku tumbo linajazwa gesi, vifaa virefu vinapita kwenye vitundu vya milimita 5 hadi 12, na yeye anakodolea skrini. Akipeleka mkono kushoto, ncha ya kifaa inakwenda kulia. Kupapasa ndiyo basi tena.

Erich Mühe alipotoa kifuko cha nyongo kwa njia hii Ujerumani mwaka 1985, wenzake walimbeza. Haikupita miaka mingi kila mmoja akaitaka, na wapo waliojifunza kwa kozi ya siku mbili tatu tu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 1991 ulihusu wagonjwa 1,518. Katika wagonjwa 13 wa mwanzo wa kila kundi la madaktari, asilimia 2.2 walijeruhiwa mrija wa nyongo. Kwa waliofuata ni 0.1. Nani aliwaambia wale wa mwanzo kwamba wako mbele ya foleni?

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, mtihani upi? Marekani upo, unaitwa FLS: unahamisha vipande vya plastiki ndani ya boksi la mazoezi, unakata duara kwenye shashi, unafunga fundo, huku saa inakimbia. Si mbaya, lakini shashi haivuji damu. Halafu ajali ya nyongo mara nyingi si kosa la mikono. Daktari anauona mrija mkuu, anadhani ndio ule mdogo wa kifuko, anaukata kwa ustadi kabisa! Kinga yake ni kanuni ya daktari wa upasuaji Strasberg ya 1995: safisha eneo mpaka uone vitu viwili tu vinaingia kwenye kifuko, ndipo ukate. Hilo hulipati kwenye boksi. Unalipata kwa mkubwa aliyesimama pembeni anayekwambia "subiri kwanza".

Mchangiaji wa pili:
Na wafundishwe kuacha pia. Utafiti wa 2018 kuhusu saratani ya mlango wa kizazi ulionyesha waliopasuliwa kwa matundu madogo walifariki zaidi kuliko waliofunguliwa tumbo.

Mleta mada:
Sawa, boksi peke yake halitoshi. Ila huyo mkubwa wa pembeni naye ana urafiki na ana haya, anasaini tu. Basi tupime video. Michigan, Marekani, 2013: madaktari 20 wanaowapasua wenye unene uliokithiri, kila mmoja alileta video aliyoichagua mwenyewe, wenzake wakaipa alama bila kujua ni ya nani. Kwa robo ya madaktari walioshika mkia, asilimia 14.5 ya wagonjwa walipata matatizo. Kwa robo ya juu, 5.2. Kamera tayari iko ndani ya tumbo, kurekodi hakuongezi hata kitundu kimoja. Anayepinga aje na sababu.