Spitfire au Hurricane kwa kipimo cha moja kwa tano: ipi itafaa uwanja wa mchanga Malindi?

Mwanamalindi:
Asalaam aleikum, wanajukwaa. Nakusudia kuunda ndege ya kivita ya mfano inayoongozwa kwa rimoti, nami nimekwama kati ya mbili za Uingereza: Spitfire, ambayo kwa kipimo cha moja kwa tano itakuwa na mita 2.25 hivi kutoka ncha ya bawa hadi ncha, na Hurricane, itakayofika mita 2.44. Moyo wangu uko kwa Spitfire kwa ajili ya lile bawa lake la duaradufu, lakini uwanja nilio nao ni mchanga ulioshindiliwa, na kusi huku halina huruma. Je, injini iwe ya petroli au ya betri?

Fundi wa Shela:
Waaleikum salaam, ndugu yangu. Unda Hurricane. Miguu ya Spitfire hukunjwa kwenda nje, kwa hiyo inapotua magurudumu huwa yamekaribiana, ilhali ya Hurricane hukunjwa kuelekea ndani na husimama yametanuka. Spitfire yangu ilitua vizuri, ikakimbia kama hatua kumi, kisha gurudumu la kushoto likazama katika mchanga laini usiozidi upana wa sahani. Ncha ya bawa ikagusa chini, ndege ikazunguka, pangaboi likavunjika. Ilikuwa kazi ya miezi minane.

Tena, sisi tuliokulia penye majahazi tutaielewa Hurricane upesi. Nyuma ya rubani, ndege halisi ilikuwa fremu ya mabomba ya chuma iliyozungushiwa mbao na kufunikwa kitambaa, kwa hiyo ukipanga mataruma (mbavu za umbo) ya plaiwudi, ukaunga fito za balsa, ule mti mwepesi, na kuvuta kitambaa juu yake, unafuata asili yake. Mwili wa Spitfire ulikuwa bati tupu, nawe utaupaka faiba na kuupiga msasa hadi viganja viume.

Rubani wa Watamu:
Kuhusu magurudumu nakubali, ila Spitfire si mkaidi angani kama inavyosemwa. Bawa la ndege halisi lilisokotwa kwa pembe ya takriban digrii 2.5, ili ncha ya bawa iendelee kubeba baada ya shina lake, penye mwili wa ndege, kuishiwa nguvu; wajenzi wengi huupuuza msokoto huo, kisha huilaumu ndege.

Kwa injini, chagua petroli ya sentimita za ujazo 50 hadi 60. Mafuta ya kuchanganya na petroli ni yale ya injini za mipigo miwili zinazopozwa kwa hewa, na uzito wa injini hiyo puani hupunguza madini ya risasi utakayoongeza ili kusawazisha ndege. Betri ni tulivu na haitikisi, lakini utahitaji seli 12, na ukizisahau ndani ya gari juani utazipoteza.

Mwalimu wa Fizikia:
Kabla ya kukata ubao, andikia Mamlaka ya Usafiri wa Ndege ya Kenya kuomba kibali, kwa kuwa uwanja wa ndege wa Malindi umepakana na mji. Pia pangia kipokezi kizime injini mawasiliano yakikatika. Chombo kikubwa hivi kikimwangukia mtu kinaweza kumuua.

Mwanamalindi:
Nimeridhika: Hurricane, kwa petroli, na barua naiandika leo. Bawa nitalifanya vipande viwili ili liingie kwenye tuktuk. Fundi, bomba la kuviunga vipande hivyo liwe la alumini au la kaboni?

Fundi wa Shela:
La kaboni. La alumini likishapata hewa ya bahari hung'ang'ania ndani ya ala yake. Langu nililivuta likang'oka pamoja na taruma la kwanza.