Familia ya Mvumi

JUMATANO

18:42 Dada Neema: Mbukwenyi wote. Jumamosi ni kumbukumbu ya Bibi na sauti zake bado zimekwama kwenye kile kimashine cha muziki cha SanDisk. Eliya umefikia wapi? Nataka jibu leo.

18:44 Dada Neema: Eliya

18:59 Dada Neema: Tiki za bluu naziona

19:20 Eliya: Mbukwa dada. Nilikuwa njiani narudi Nkuhungu. Nimekichomeka kwenye kompyuta. Kinawaka, kinaonyesha kinachaji, ila kompyuta kimya. Hakuna mlio wala folda mpya.

19:22 Baba Mdogo Daudi: Kompyuta ya Uholanzi hiyo. Ipigie zeze itaamka 😂

19:22 Frank: 😂😂😂

19:23 Frank: Au iwekee mlenda pembeni ya kibodi, ijue imefika Dodoma

19:25 Dada Neema: Jamani tumebakiwa na siku chache. Shangazi Ester kaipakia kompyuta kwenye kontena kutoka Ulaya ili itusaidie, sasa tuitumie. Yona uko wapi?

19:41 Dada Neema: Yona

20:10 Mama Pendo: Amina 🙏

20:31 Yona: Nipo dada, nimetoka kazini sasa hivi. Eliya unatumia waya gani?

20:33 Eliya: Wa ile spika ndogo. Kichwa kimeingia bila shida [picha]

20:36 Yona: Huo ndio tatizo la kwanza. Waya wa USB wa aina hiyo ndani una nyuzi nne, mbili za umeme na mbili za taarifa. Nyingi za kuchajia tu zimewekewa zile mbili za umeme peke yake. Kimashine kinakula moto lakini kompyuta haijui kama kuna mtu mlangoni. Tafuta waya wa kamera ya zamani au wa hard disk ya nje, kichwa ni hichohicho. Halafu chomeka nyuma ya kasha. Matundu ya mbele mara nyingi yamelegea.

20:37 Dada Neema: Frank ile kamera ya baba unayo?

20:52 Frank: Ile niliiachia

20:52 Dada Neema: Uliiachia wapi?

20:58 Frank: Dada mambo ya zamani hayo

20:59 Dada Neema: Kama cherehani.

21:15 Baba Mdogo Daudi: Cherehani imefikaje hapa tena 😂

ALHAMISI

12:06 Eliya: Fundi picha mmoja pale Sabasaba kaniazima waya. Nimechomeka nyuma. Mlio umelia!

12:06 Dada Neema: Mungu ni mwema. Hamisha sasa hivi, weka kwenye flashi mbili, moja ya Baba Mkubwa moja ya kwangu.

12:11 Eliya: Subiri. Umelia lakini folda hakuna. Kwenye orodha ya vifaa kimeandikwa jina lake na kipembetatu cha njano.

12:13 Yona: Nenda mipangilio, mfumo, kuhusu. Nisomee toleo la Windows neno kwa neno.

12:19 Eliya: Windows 10 Pro N

12:24 Yona: Hiyo N ndiyo yenyewe. Mwaka 2004 Umoja wa Ulaya uliiamuru Microsoft iuze Windows isiyo na kicheza muziki chake, ndipo yakatoka matoleo ya N. Kilipoondolewa kicheza muziki, na MTP imeondoka nacho. MTP ndiyo njia ambayo vimashine vya muziki huongea na kompyuta. Kwa hiyo kompyuta ni nzima na kimashine ni kizima, ila hawana lugha ya kuongea. Kuna nyongeza ya bure inaitwa Media Feature Pack. Ingia mipangilio, programu, vipengele vya hiari, ongeza. Ukimaliza uizime uiwashe.

12:27 Eliya: Bando langu limebaki la kusomea meseji tu

12:29 Dada Neema: Basi kila mtu amtumie Eliya elfu mbili mbili, ikizidi tunanunua soda za Jumamosi. Naanza mimi, nimeshatuma. Baba Mdogo? Frank? Mama Pendo?

12:40 Baba Mdogo Daudi: Michango michango. Hata wafu sasa wanakula bando 😂

13:02 Shangazi Ester: Nimesoma. Mimi nitatuma, sina neno. Lakini kabla sijatuma elfu mbili ya bando naomba kwanza nione saruji ya kaburi la mama. Fedha ile nilituma yote kwa mara moja. Picha niliyoletewa ina mawe yaleyale na udongo uleule.

13:04 Dada Neema: Shangazi tulisema hilo tutalizungumza tukikaa

13:05 Shangazi Ester: Tunakaa lini Neema?

13:30 Baba Mdogo Daudi: Dada, mchanga ulipanda bei, fundi akaumwa, mvua ikaja. Kila kitu kimeandikwa kwenye daftari.

13:31 Shangazi Ester: Daftari hilo nalisikia tangu tulipomaliza matanga.

13:33 Frank: Tujadili kimashine jamani

13:34 Shangazi Ester: Frank wewe ndiye uliyekitoa kitandani kwa mama bila kumuuliza mtu. Usinifundishe cha kujadili.

14:48 Eliya: Samahani wote. Wakati nasubiri bando nimeingia mipangilio ya kimashine chenyewe. Kuna sehemu ya hali ya USB, nikatoa MTP nikaweka MSC. Sasa kompyuta inakiona kama flashi! Lakini nimefungua folda ya muziki ni tupu kabisa. Nikifomati tuanze upya?

14:48 Dada Neema: USIGUSE KITU

14:49 Dada Neema: ELIYA PIGA SIMU

14:49 Yona: Usibonyeze kufomati! Kumbukumbu ya hicho kitu iko ndani kwa ndani, hakina kadi. Ukifomati, ndiyo kwaheri.

14:53 Yona: Wala hazijapotea. Kaka Stefano, Mungu amrehemu, aliziingiza kwa kompyuta ya ofisini kwao ikiwa kwenye MTP. Kwa SanDisk hizi, kilichoingia kwa MTP hukioni kwenye kompyuta ukiwa MSC. Chomoa vizuri, vaa hedifoni, sikiliza humohumo.

15:07 Eliya: Zipo. Nimesikia Bibi anakohoa, halafu anaanza kuimba.

15:08 Dada Neema: 😭😭

15:40 Mama Pendo: Amina. Nani anaumwa?

19:55 Baba Mkubwa: Mbukwenyi wanangu. Macho yangu hayasomi simu, nimesomewa yote na mjukuu na yeye ndiye anayeandika. Mle ndani mama anaimba, sawa, lakini pia anaeleza njaa ya Mtunya kama alivyosimuliwa na mama yake. Njaa ile ilikuwa 1917 hadi 1920. Wajerumani walichukua ng'ombe na nafaka zetu kwa ajili ya vita yao, wakaja Waingereza nao wakachukua, vijana wakabebeshwa mizigo ya majeshi, na mvua ikakataa. Mama anataja watu waliokufa nyumba kwa nyumba, kwa majina. Majina hayo sijayaandika mahali popote, na mimi siyakumbuki yote. Kimashine kisifutwe. Asikishike mtu asiyejua. Eliya, kesho jioni ukilete hapa Mvumi kwa mkono wako, si kwa kumpa dereva. Na hesabu ya kaburi itasomwa Jumamosi kabla ya chakula. Daudi, uje na daftari. Ester tutampigia asikie.

20:30 Eliya: Sawa baba mkubwa.

20:41 Dada Neema: Sawa baba mkubwa. Asante.

21:17 Shangazi Ester: Nimesikia kaka.

22:50 Frank: Sawa baba mkubwa. Nilikitoa pale kwa sababu watu walikuwa wanaingia na kutoka chumbani. Nilikuwa nakilinda.

IJUMAA

07:15 Dada Neema: Mmeamkaje. Baba Mdogo sijaona jibu lako kwa Baba Mkubwa. Elfu mbili Eliya amepokea za watu wawili. Yona, je ukija na laptopu yako?

07:58 Yona: Nakuja nayo dada, Windows yake ni ya kawaida haina N. Nimekata tiketi ya SGR. Eliya, kirudishe kwenye MTP uache hivyo, usipakue kitu tena, nikifika nitanakili mimi. Bando ulilonunua tumia kwa mambo mengine.

08:03 Dada Neema: Hapana, abaki nalo, atanirushia picha.

10:26 Mama Pendo: Samahani nauliza. Hicho kimashine si kina tundu la hedifoni? Kwaya yetu huwa tunachomeka simu kwenye spika kwa waya wenye vichwa viwili. Kompyuta ya nini sasa?

10:31 Yona: Mama Pendo uko sahihi kabisa. Kwa kusikiliza Jumamosi hiyo inatosha, tundu ni lilelile. Bado kunakili lazima, betri ya humo ni ya miaka mingi na ikifa siku moja hatuna njia nyepesi ya kuzitoa.

10:32 Dada Neema: Mama Pendo tuazimie spika na huo waya!

10:35 Dada Neema: Mama Pendo

12:10 Mama Pendo: Stoo ya kwaya funguo anazo mwalimu, yuko msibani Hombolo. Nimemtumia ujumbe.

12:12 Baba Mdogo Daudi: Tukikosa spika nitaimba mimi, watu wataomba turudi kwenye mambo ya MTP 😂

12:12 Dada Neema: Baba Mdogo. Daftari.

12:44 Dada Neema: ?

14:05 Baba Mdogo Daudi: Liko Kongwa. Natafuta usafiri.

15:20 Yona: Treni imeshapita Morogoro. Eliya hakikisha unakuja na ule waya wa fundi picha, laptopu bila waya ule ni bure.

15:38 Eliya: Ndiyo nilitaka kusema. Fundi amepiga, anautaka leo kabla hajafunga, kesho ana harusi.

15:38 Dada Neema: Usiurudishe. Nitumie namba yake niongee naye mimi.

15:46 Dada Neema: Eliya namba