Nimetoa spika zangu na laki nne na ishirini juu, nimepewa maboksi yenye kipande cha tailizi ndani. Wapenda muziki wa Mwanza, kaeni macho

Wakuu, nina hasira na nitaandika kwa hasira. Anayetaka lugha ya upole apite tu, nyuzi zimejaa humu.

Mimi ni mtu wa dagaa, nashinda Mwaloni Kirumba. Wanaoijua kazi hii wanajua pesa yetu inahesabiwa kwa giza: mbalamwezi ikishawaka mitumbwi inalala, na mifuko yetu inalala nayo. Hela ya hizi spika nimeidunduliza giza tatu. Giza tatu za kuamka saa tisa usiku, halafu mtoto mmoja mwenye mdomo mtamu anaila kwa dakika ishirini.

Nianze mwanzo. Nilikuwa na spika za mtumba za Kijapani, zile ndogo za kukaa kwenye shelfu, wufa (koni ya besi) inchi sita na nusu, twita (ya sauti za juu) moja, omu 8, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme. Niliachiwa na marehemu mjomba pamoja na amplifaya yake ya wati 50 kila upande. Zilikuwa zinaimba, wakuu. Ukiweka Mbaraka Mwinshehe jioni, gitaa unalisikia limekaa upande wake, tarumbeta upande wake, na sauti ya mzee katikati pale ambapo hakuna spika. Shida ikawa moja tu: ile pete ya sponji inayoizunguka koni ya wufa ilianza kuoza, ukiigusa inamomonyoka kama andazi la juzi. Sponji zile huoza kwa umri, upige muziki usipige. Besi ikaanza kukwaruza. Badala ya kutafuta fundi, mimi nikaenda dukani. Hapo najilaumu mwenyewe, msinisaidie.

Duka liko katikati ya mji, silitaji, wasimamizi wasije wakaufuta uzi. Kijana akanipokea: "Bosi, hizo za kizee tuachie sisi, tunakukatia laki moja, unaongeza laki nne na ishirini, unaondoka na hizi. Toleo lililoboreshwa, njia tatu, wati 300." Akawasha. Besi ikapiga mpaka kioo cha kabati kikatetemeka. Nikasema hapahapa. Kuhusu waranti akanijibu, "Nduhu tabu bosi, sisi tupo." Risiti akaniandikia kwa kalamu, mashine ya risiti ya EFD eti inasumbuliwa na mtandao. Na mimi nikapokea! Mimi ninayegombana na wateja kwa robo kilo ya dagaa.

Nikapanda bodaboda hadi Igoma, boksi moja mbele kwa dereva, jingine nimelikumbatia. Nikafunga nyaya, mama watoto na jirani wamekaa tayari. Wimbo ukaanza… besi hakuna. Yaani hakuna kabisa. Waimbaji kama wamefunikwa sufuria. Mama watoto akauliza kwa upole, "Baba nanii, zile za mjomba umeziacha wapi?" Nikajifanya sijasikia. Nusu saa haijaisha amplifaya ikawa ya moto, hata mkono haukai juu yake, ikajizima. Nikaiwasha, ikajizima tena. Amplifaya iliyokula miaka na mjomba bila kuumwa!

Kesho yake nikarudi dukani. Kijana hata kiti hakunipa. "Masikio yako hayajazizoea, na zenyewe zinataka wiki mbili kulainika. Halafu bosi, mali ikitoka hairudi." Nikaomba aniwashie tena zile za maonyesho. Akawasha, besi ileile ya juzi. Safari hii nikainama kama mtu aliyeangusha funguo, nikanyanyua kitambaa cha meza. Chini yake kuna sabufa, imekaa kimya kama kiboko, ndiyo inayopiga kazi yote. Nikamwonyesha. Akacheka! "Hiyo ni ya kusindikiza tu."

Nikazipeleka kwa fundi mmoja mzee pale Mabatini. Shikamoo, marahaba, umeleta nini baba? Spika mpya. "Mpya?" Akainyanyua moja, akaipigapiga tumboni kama anayechagua tikiti maji, akaguna.

Kwanza akachukua betri ya redio, ya volti 1.5, akagusisha chanya kwenye nyekundu na hasi kwenye nyeusi. Koni ya spika ya kwanza ikaruka mbele. Akafanya vilevile kwa ya pili. Koni ikazama ndani. "Umeona? Moja inasukuma hewa, mwenzake anaivuta. Besi inafia katikati." Kiwandani walikofungia, kama ni kiwanda kweli, nyaya za boksi moja wamezigeuza ndani kwa ndani. Hapo mimi ningebadilisha nyaya za nyuma mpaka asubuhi bila kujua ninarekebisha nini.

Akachukua mita. Karatasi nyuma inasema omu 8. Mita ikasoma 3.4. Spika ya omu 8 ya haki mita huisoma kama 6 hivi, ya 3.4 ni ya omu 4. Volti zilezile, omu zikiwa nusu, umeme unaovutwa ni mara mbili. Kumbe amplifaya ya marehemu ilikuwa inajizima kwa kujihami, na mimi ninaipiga kofi.

Halafu akafungua skrubu nne. Wakuu, hapa ndipo nilipokaa chini. Njia tatu zenyewe: wufa, twita, na ile duara ndogo ya kung'aa ya tatu ni kiplastiki kimebandikwa kwa gundi, hakina hata waya. Krosova, ile sakiti ya kugawa sauti za besi na za juu, hakuna, ni kapasita moja ya saizi ya punje ya harage imeninginia kwenye twita. Koili ya kumzuia wufa asipewe sauti za juu, hamna, anapigiwa kila kitu kama punda. Sumaku ndogo kama kisoda cha soda. Na ule uzito ulionifanya niamini dukani? Kipande cha tailizi ya sakafuni, kimegundishwa chini ya boksi. Tailizi, jamani! Yenye maua!

Asije mtu hapa kuniambia spika ndogo ndivyo zilivyo. BBC ya Uingereza miaka ya 1970 walibuni spika ya LS3/5A kwa ajili ya magari yao ya kurekodia nje ya studio, wufa inchi 5 tu, ndogo kuliko za mjomba, na hadi leo watu duniani wanazitafuta kwa tochi. Ndani yake krosova imejaa koili na kapasita. Udogo haujawahi kuwa kosa. Na hizo wati 300 ni zile za PMPO, za kilele cha kufumba na kufumbua, ambazo kila mwenye kalamu hujiandikia anavyopenda. Uliza za RMS, zile za nguvu ya kudumu, uone kijana anavyotazama dari. Hata zingekuwa za kweli, ukizidisha wati mara mbili sikio linaongezewa desibeli 3 basi.

Naomba wanasheria wa humu mnisaidie. Najua kuna Sheria ya Ushindani ya 2003, na Tume ya Ushindani inashughulika na bidhaa bandia. Ila mkononi nina kikaratasi cha kalamu kilichoandikwa "spika 2, imelipwa", hakina TIN (namba ya mlipakodi) wala jina la duka. Nikienda nacho nitasikilizwa au nitachekwa? Picha za tailizi ninazo, na fundi yuko tayari kusema alichokiona.

Nilimuuliza fundi zile za mjomba angezitengeneza kwa shilingi ngapi. Akasema kubadilisha pete zote mbili, elfu thelathini na tano, na ningesubiri nikinywa chai.

Jana nimepita pale dukani, nimesimama ng'ambo ya barabara. Zile zangu zimewekwa mbele kabisa, pete mpya nyeusi zinang'aa, bango laki tatu na themanini. Na chini ya meza hawajaficha kitu, zinaimba zenyewe. Juu ya ile ya kushoto alama ya kikombe cha chai cha mjomba bado ipo.