Nikishafika Santiago nataka kuendelea kwa miguu hadi baharini: Fisterra au Muxía, na goti hili?

binti_wa_njombe

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Naishi Ujerumani, nafanya kazi hospitalini. Mwishoni mwa Septemba natembea na wenzangu wa kwaya njia ya mahujaji, Camino, huko Hispania, kutoka Sarria hadi Santiago de Compostela. Wao wakishapewa cheti chao cha hujaji wanapanda ndege kurudi kazini. Mimi nitakuwa bado na likizo, na moyo wangu unanituma niendelee mpaka njia iishie kwenye maji. Nimeweka nia ya kumwombea marehemu baba.

Maswali yangu: kati ya miji miwili ya pwani, niende Fisterra au Muxía? Mwanamke peke yake, tena mweusi, anapita salama? Na goti langu la kulia huniuma nikiteremka mlima, kupanda halina shida. Nisaidieni.

mama_coruna

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba. Mimi niko A Coruña, huku huku Galicia, kaskazini-magharibi mwa Hispania, nahudumia wazee majumbani kwao, na njia hiyo ndiyo mapumziko yangu kila nikipata nafasi.

Nenda Fisterra, kisha panda na pwani hadi Muxía, umalizie huko. Wengi watakwambia kinyume, kwamba Fisterra ndiko Warumi walikokuita mwisho wa dunia, kwa hiyo ndiko kwa kumalizia. Sawa, rasi ile ni nzuri, jiwe la kilomita 0.00 lipo, mnara wa taa upo. Lakini na mabasi ya watalii yapo. Wewe umesema unakwenda kumwombea mzee. Muxía kuna kanisa la Virxe da Barca, Bikira Maria wa Mashua, limekaa juu ya miamba na bahari inapiga mbele ya mlango wake. Utakaa na rozari yako mpaka umalize mafungu yote na hakuna atakayekuharakisha. Kanisa lile liliungua siku ya Krismasi 2013, mapambo ya mbao ya altareni yakateketea. Leo limesimama tena. Pembeni yake kuna majabali ambayo wenyeji husimulia kuwa ni mashua ya mawe aliyokuja nayo Bikira Maria kumtia moyo Mtakatifu Yakobo. Chini ya mojawapo watu hupita mara tisa wakiombea mgongo. Wazee ninaowahudumia wameshapita, na wanalisimulia jambo hilo kwa heshima kubwa.

Sasa goti. Vitabu vya mwongozo vinagawa njia ya Fisterra kwa siku tatu: Negreira kilomita 21, Olveiroa 33, halafu Fisterra zaidi ya 30. Kwa goti linalouma, mgawanyo huo haukufai, na sielewi kwa nini watu wanaung'ang'ania. Kata siku ya pili katikati, ulale Vilaserío au Santa Mariña. Siku inayofuata itakuwa fupi, ufike Olveiroa mapema, ufue, unyooshe miguu, utazame maghala ya mahindi ya mawe yaliyoinuliwa juu ya nguzo ili panya wasipande. Kesho yake lala Cee. Fisterra utaingia siku ya tano ukiwa mzima, unatembea ufukweni Langosteira badala ya kuchechemea.

Siku ya kwanza kuna kilima kikali baada ya Augapesada, lakini ni cha kupanda, na umesema kupanda unakuweza. Ukikimaliza utafika Ponte Maceira, daraja la kale la mawe juu ya mto Tambre. Kaa hapo, vua viatu.

Sehemu ya kuiangalia sana ni baada ya Olveiroa. Unapita kijiji cha Hospital, kisha njia inagawanyika kwenye mawe mawili ya alama: kushoto Fisterra, kulia Muxía. Kabla ya hapo kuna mkahawa. Kula, jaza maji, beba na mkate, maana kutoka hapo hadi Cee ni karibu kilomita 15 za nyika na misonobari bila duka hata moja. Utapita kikanisa cha Bikira Maria wa Theluji, na kingine cha Mtakatifu Petro Mfiadini chenye chemchemi ambayo mahujaji wa zamani waliamini inaponya miguu. Halafu kwenye msalaba wa mawe wa Armada bahari inajitokeza mbele yako. Simama hapo, umtaje baba yako kwa jina.

Baada ya msalaba huo ndipo mteremko wa kuingia Cee unapoanza, na ndio utakaolitesa goti. Fimbo mbili, hatua fupi, shuka kwa mshazari, begi lisiwe zito. Usitake kushindana na Wajerumani wenye miguu mirefu.

Kuhusu usalama: watu ni wachache kuliko kutoka Sarria, lakini siku za Septemba hukosi mtu mbele au nyuma yako. Vijijini watakutazama, usiogope, wasalimie wewe kwanza. Mabibi wa huku wakishasalimiwa wanakuuliza umetoka wapi na umekula nini. Namba ya dharura ni 112, na polisi wana programu ya simu inayoitwa AlertCops, iweke kabla hujaondoka. Na mvua! Galicia inanyesha kama Bukoba. Koti refu la kufunika na begi, soksi za sufu, na mafuta ya mgando miguuni kila asubuhi kabla ya soksi, hiyo ndiyo kinga ya malengelenge.

kijana_wa_likoni

Mama amemaliza. Naongezea kwa Waislamu wanaosoma hapa, maana niliambiwa nisiende. Hija yetu ni Makka, hilo halina mjadala. Mimi nilitembea kwa kutafakari na kuona nchi, na kwenye hosteli za mahujaji hakuna aliyeniuliza dini. Shida ni chakula. Supu ya mboga ya Kigalicia, caldo, hupikwa na nyama au mafuta ya nguruwe hata kama huoni kipande, na dengu mara nyingi zina soseji yake. Sema "sin cerdo", kisha uliza tena kuhusu mchuzi. Mimi nilishikilia mayai, mkate, jibini na samaki. Na pweza! Wanamchemsha, wanamkata kwa mkasi, wanamnyunyizia chumvi, paprika na mafuta ya zeituni, wanampakua kwenye sahani ya mbao. Mtu wa pwani hatalala njaa.

binti_wa_njombe

Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimeshabadilisha mpango, nitalala Santa Mariña na Cee. Mama, kutoka Fisterra hadi Muxía ni siku moja? Na kuna cheti? Nimesikia pia kuna watu wanachoma nguo zao pale rasi.

mama_coruna

Ni karibu kilomita 30. Kwa goti lako lala Lires, iko katikati, na ugonge mhuri hapo hapo kwenye pasipoti yako ya hujaji, kwa sababu Muxía watauangalia kabla hawajakupa cheti chao. Fisterra nao wana chao. Angalia mishale vizuri: kipande hicho watu wanakitembea pande zote mbili, kwa hiyo kuna mishale ya kwenda Fisterra na ya kwenda Muxía kwenye jiwe moja. Soma jina, usifuate rangi tu.

Kuchoma nguo hairuhusiwi. Pale ni nyasi kavu na upepo, na moto umewahi kuleta hasara. Nguo usizozitaka ulizia hosteli, kuna wanaozipokea.

Kurudi Santiago kuna basi kutoka Muxía, lakini kwa siku ni machache na Jumapili hupungua. Uliza saa jioni unayofika, usingoje asubuhi. Na hosteli za serikali haziwekewi nafasi kabla, anayefika kwanza ndiye anayelala. Za binafsi unapiga simu. Cee na Lires piga simu mapema.